Piano za Dar: uwashe AC au umwite fundi wa pini?

Masika yakianza tu, wenye piano Dar wanagawanyika. Kuna wanaosema kii (vile vibao unavyobonyeza) zikinata washa AC, unyevu ukishuka zitajirudi zenyewe. Wengine, hasa mafundi na wale wanaoogopa LUKU, wanasema achana na hewa, fungua piano ushughulikie msuguano palepale ulipo, maana hewa ya bahari hushindani nayo kwa rimoti.

Wote wana hoja ila kila mmoja kakamata nusu. Kila nyundo inayogonga nyaya inazungukia kwenye kipini chembamba cha kama milimita 1.3, na kipini kinakaa ndani ya tundu la mbao lenye kitambaa cha sufu. Sufu na mbao zote zinakunywa unyevu, zikivimba tundu linabana na nyundo inarudi kivivu. Kii nzima inashuka kwa uzito wa kama gramu 50 na inatakiwa iweze kurudi juu ikiwa imebeba angalau 20, toa halafu gawa kwa mbili, msuguano ni gramu 15. Na huo hautakiwi uishe wote, ukiisha nyundo zinayumba zinagongagonga.

Sasa AC. Piano inapenda unyevu wa asilimia 40 hadi 50, Dar kipindi cha mvua 80 ni kawaida kabisa. AC ikiwaka usiku na mchana sawa, tena inasaidia hata nyaya zisipate kutu. Lakini nani anawasha usiku na mchana? Kanisani inawaka ibada ikianza inazimwa watu wakitoka, hotelini inafuata wageni, na hapo ndo balaa, ubao wa sauti, ule mpana unaokuza mlio wa nyaya, unasinyaa unavimba unasinyaa tena na tyuni inaenda nao. Kibaya zaidi, hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 inaanza kutoa umande kwenye chuma chenye ubaridi wa kama nyuzi 26 kushuka chini, kwa hiyo ukizima AC iliyokuwa 22 ukafungua madirisha, lile fremu la chuma na nyaya zinalowa kabisa. Kwa matumizi ya hivyo bora usingekuwa na AC.

Upande wa pini nako kuna mtego. Fundi akitanua matundu mwezi wa nne wakati kila kitu kimevimba, kipupwe kikija nyundo zinacheza, na piano ikihamia Dodoma ndo usiseme. Wanaopulizia WD-40 au mafuta ya cherehani hao sijui niwaambie nini, mafuta yanazama kwenye sufu yanakamata vumbi, na yakifika kwenye mbao inayoshika pini za kutyunia umekwisha, maana zile nyaya 200 na zaidi zinashikiliwa na msuguano tu! Hata kuitoa sufu sio jibu, watengenezaji wa piano Steinway walijaribu Teflon, ile plastiki isiyonata, kuanzia 1962, Teflon ikawa haivimbi lakini mbao iliyoizunguka inavimba, zikaanza kutoa mlio wa tiki tiki mpaka wakaja kuiacha.

Mi nipo na wale wa fimbo ya joto inayofungwa ndani ya piano, yenye kidhibiti chake cha unyevu. Inakula umeme kama balbu, ila ikipandisha joto la ndani kutoka nyuzi 30 hadi 34 ule unyevu wa 80 unashuka hadi kama 64. Sio 45, najua, na umeme ukikatika inalala kama vifaa vingine. Ila inatuliza, na piano iliyotulia kwenye 60 naichukua kuliko inayoruka kati ya 50 na 85 kila wiki. Ikae hivyo wiki kadhaa kwanza, kii nyingi zitaachia zenyewe, zile zitakazobaki zinanata ndo umwite fundi azipime moja moja kwa gramu kabla hajashika kifaa cha kutanulia.