Wapiga Fidla Wangu Wanalala Wapi?

Fidla zimekatika zikiwa asilimia 94. Gigabaiti 32 za sauti zilizorekodiwa, za kupigia muziki kwenye kompyuta, nimezishusha kwa bando la usiku, nimelala sikio moja wazi, alfajiri naamka nakuta mtoto kaichukua simu, kazima hotspoti, anaangalia katuni. Bando lote limeishia kwa paka anayekimbizwa na panya. Mji wetu wa Tanga wanausifia kwa waja leo waondoka leo. Nadhani aliyeanzisha msemo huo alikuwa kanunua bando.

Nikanyamaza. Mtu mwenye okestra yake hagombani na mtoto wa chekechea. Nikavaa shati la kupigwa pasi, nikaenda ghalani kuhesabu marobota ya mkonge. Bosi akauliza mbona macho mekundu, nikamwambia vumbi. Ningemwambia nini? Kwamba nimekesha nikingoja fidla? Angeuliza zinakuja na basi gani.

Huyo mtoto mwenyewe hanisaidii. Tangu 1983 watengeneza vinanda vya umeme wa dunia nzima wamekubaliana kwamba nguvu ya kidole ipimwe kwa ngazi mpaka 127. Ukigusa taratibu fidla inanong'ona, ukikandamiza inalia. Kuna watu walijifungia studio wakapiga noti moja hiyo hiyo kwa upole, kwa kiasi, kwa nguvu, wakairudia tena na tena, ili mimi wa Makorora niwe na pa kuchagua. Kidole cha mwanangu, na uji wake, kinajua ngazi moja tu: 127.

Mama yake naye kila yuniti za umeme zikiisha anaitazama kompyuta. Friji linanguruma mchana na usiku, halitazamwi.

Lakini hao nawavumilia. Aliyenimaliza ni baba mkwe. Kaja kutoka Pangani kuonyesha macho hospitali ya Bombo, akapewa chumba chenye vyombo vyangu, mimi na vyombo tukahamia ukumbini. Mzee alipiga fidla za taarabu ujanani, enzi Tanga ni vikundi vya Black Star na Lucky Star. Juzi baada ya isha akaniita.

"Hebu nami nisikie hiyo kazi yako."

Nikamvika hedifoni juu ya kofia. Nikapiga fidla nilizokuwa nazo. Akasikiliza kafumba macho.

"Wako wangapi hawa?"

"Kumi na sita, baba."

"Wako wapi?"

"Walirekodiwa Vienna, Austria."

"Sasa hivi wako wapi?"

"Sasa hivi... watakuwa wamelala, baba."

"Wanajua kuwa unawapigisha usiku huu?"

Nikaeleza kisomi. Nikamwambia walilipwa siku waliyorekodiwa, na kwamba kila sekunde ya sauti yao imepimwa mara 44,100 ikaandikwa kwa namba. Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana. Ukimkatakata samaki hivyo, utamu utabaki wapi?"

Kisha akataka Rasti, ile ngazi ya sauti ya Kiarabu inayopigwa kwenye taarabu. Nikampigia.

"Hiyo ya tatu, ishushe."

Nikashusha.

"Umepitiliza. Panda."

Nikapanda.

"Umepitiliza."

"Baba, kati ya hiki cheupe na hiki cheusi hakuna kitu."

"Kipo. Mimi ndipo nilipokaa ujana wangu wote."

Nikakumbuka kuna kigurudumu pembeni cha kupinda sauti. Nikakisukuma kidogo kidogo, ya tatu ikakaa pale pale anapopataka, uso wa mzee ukakunjuka. Tatizo ni kwamba nyingine zote zikahama nayo. Akavua hedifoni. "Sasa wamelewa. Wote kumi na sita, kwa pamoja!"

Hapo heshima ikanitoroka. Mbele ya mkwe, sauti juu, nikasema baba, tangu asubuhi niko na mkonge puani, sina fidla, sina ganuni, sina hata mlango wa kufunga, nikimpigia simu mpiga gitaa wa kweli ananiuliza nauli, hawa Wazungu waliolala ndio watu pekee wanaokuja nikiwaita, tena bila chai!

Mke wangu akachungulia. Mtoto akaamka. Mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Mzee hakusema neno. Akaingiza mkono kwenye kanzu, akatoa noti ya elfu mbili, akanyanyuka na kuanza kutembea kwa madaha ya mtu anayekwenda kutunza, bega moja linatangulia. Alipofika akasita, anatafuta paji la uso la kuibandika. Akaiweka juu ya spika. "Wagawane," akasema, akaenda kulala.

Asubuhi noti haipo. Friji linanguruma kwa furaha.

Na kuna shangazi wa bwana harusi mmoja wa Chumbageni, anataka wimbo Ijumaa, uwe na "yale matarumbeta ya kwenye sinema". Malipo atatoa baada ya shughuli. Mnamjua, kila mmoja wenu ana wake.

Kwa hiyo nikaamua angalau ngoma nijirekodie mwenyewe uani. Zimetoka safi, ila kwenye zile za nguvu kuna jogoo wa jirani kwa mbali, hatoki kwa programu yoyote. Nikamwacha. Harusini pale Ngamiani ngoma ikipanda jogoo anawika, watu wanashangilia, wanadhani ni ufundi. Jirani alikuwepo. Kamtambua jogoo wake kwa sauti, anataka mgawo, kesho tunaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Na jogoo mwenyewe walishamla Idi.