Baruti ya Bunduki ya Wenzo Isichaguliwe kwa Kasi

Kila mwaka, msimu wa kulungu unapokaribia hapa Pennsylvania, wawindaji wenzangu wanaojitengenezea risasi nyumbani huniuliza ni baruti ipi itakayoirusha risasi ya .30-30 kwa kasi kubwa kuliko zote. Naona swali hilo linaanzia pasipofaa. Kwa bunduki ya wenzo, ile inayokokiwa kwa kuusukuma mbele wenzo ulio chini ya kifyatulio na kuurudisha, baruti nzuri kwanza ni ile inayolijaza vizuri ganda, yaani kikombe cha shaba kinachoshika baruti, na kuwaka kwa namna ile ile asubuhi ya baridi kali kama ilivyowaka siku ya majaribio. Kasi ije baadaye, na isipokuja isisumbue mtu.

Ninasema hivyo kwa sababu ya umbile la bunduki yenyewe. Winchester ya mwaka 1894, bunduki ya wenzo iliyobuniwa na John Browning, ilipata risasi ya .30-30 mwaka 1895, nayo ikawa miongoni mwa risasi za kwanza za uwindaji nchini Marekani kutumia baruti isiyo na moshi. Ile 30 ya pili katika jina lake ilikuwa greni 30 za baruti ya wakati ule, na greni moja ni takriban gramu 0.065. Wapo wanaoisoma namba hiyo kana kwamba ni kipimo cha leo, na hilo ni kosa la hatari, kwa kuwa kila baruti ina mwako wake.

Kiwango cha juu cha shinikizo kilichowekwa kwa .30-30 ni pauni 42,000 kwa inchi ya mraba, ilhali risasi ya .308 inaruhusiwa kufika 62,000. Tofauti hiyo ina sababu zake. Katika Winchester ile, komeo la mtambo hujifunga kwa nyuma, mbali na kitako cha ganda, kwa hiyo shinikizo linapopanda chuma hulegea kidogo mno na ganda la shaba hunyooka kuijaza nafasi hiyo. Ukilitumia tena na tena, ukuta wake huwa mwembamba karibu na kitako. Mimi hukunja ncha ya waya mwembamba, nikaupitisha ndani ya ganda nikiukwaruza polepole kutoka chini kwenda juu. Waya ukinasa kwenye mfereji usioonekana kwa macho, ganda hilo halirudi mezani. Anayetafuta kasi ya ziada huufikia mfereji huo mapema zaidi.

Kuhusu baruti zenyewe, nimetumia tatu kwa muda mrefu. IMR 3031 ni ya zamani na inaheshimika, ila chembe zake ni vijiti virefu vinavyokwama kwenye kipimio, hata ganda moja likapata pungufu na linalofuata likapata ziada, hivyo inampasa mtu apime kila ganda kwa mizani. LEVERevolution, baruti ya chembe za duara inayouzwa na Hodgdon, hupita kwenye kipimio kama mchanga mkavu na hutoa kasi kubwa kwa shinikizo linaloruhusiwa. Sina ugomvi nayo hata kidogo. Chaguo langu, hata hivyo, ni H4895, kwa sababu haibadiliki sana joto linapopanda au kushuka, na mimi huwinda mwezi wa Desemba. Ieleweke kwamba H4895 na IMR 4895 ni baruti mbili tofauti, japokuwa zina tarakimu zile zile, na kipimo cha moja hakihamishiwi kwa nyingine. Vipimo vyenyewe sivitaji hapa. Vichukuliwe kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, na mtu aanze na kile cha chini kabisa.

Faida ya baruti inayojaza ganda huonekana mkono unapochoka. Ukisahau ukamimina mara mbili, baruti ya bunduki ndefu humwagika mezani na kosa hujitangaza lenyewe. Baruti ya bastola, ambayo wengine huipendelea kwa risasi nyepesi za mazoezi, hukaa kidogo chini ya ganda, na kipimo cha pili hulala juu yake bila dalili yoyote. Ndiyo maana, kabla ya kubandika kichwa chochote, yaani kile kipande cha mbele cha risasi kinachoruka, huyapanga maganda 50 kwenye trei na kumulika tochi ndani ya kila moja.

Vichwa navyo vina sharti lake. Katika magazini ya bomba, lile lililo chini ya mtutu, risasi hukaa kwa mstari, ncha ya moja ikigusa kitako cha nyingine, palipo na fataki inayowasha baruti. Kichwa chenye ncha kali kinaweza kuilipua fataki hiyo pale bunduki inaporudi nyuma kwa kishindo. Kwa hiyo tunatumia vichwa bapa, au vile vya Hornady vyenye ncha laini inayobonyea. Mdomo wa ganda lazima ukazwe kwenye mfereji wa kichwa, la sivyo springi ya magazini hukisukuma ndani na shinikizo hupanda. Misimu miwili iliyopita nilikaza maganda ambayo sikuwa nimeyakata yakalingana urefu; yale marefu yalivimba begani kwa unene usiozidi wa karatasi, na saba kati ya ishirini yakagoma kuingia kwenye chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Heri yalinigomea mezani kuliko porini, na tangu siku hiyo hakuna ganda ninalolikaza kabla ya kulipima.

Kichwa cha greni 170 hutoka kiwandani kikienda takriban mita 670 kwa sekunde, na kimeundwa kupanuka kwa kasi hiyo. Katika msitu ninaowinda sijawahi kumpiga kulungu aliye mbali zaidi ya hatua 80, na mita 30 za ziada kwa sekunde hazingembadilishia chochote. Mwaka jana nilijaribu risasi tano kwa kila kipimo, nikipanda kidogo kidogo kutoka chini. Kwenye kipimo cha tatu, kwa umbali wa mita 90 na bila darubini, matundu yote matano yalifunikwa na kiganja changu. Nikaandika tarehe na joto la siku hiyo daftarini, nikaufunga mkebe wa baruti.