Chapati ya pili kalipa nani?

Jumamosi asubuhi, tukishamaliza kilomita zetu 10 kando ya bahari pale Oysterbay, huwa tunaishia kwa mama ntilie mmoja mwenye mabenchi mawili na jiko la mkaa. Wiki iliyopita jirani yangu alimaliza chapati ya kwanza na chai ya maziwa, akatazama saa yake janja: kalori 934. "Mama, ongeza nyingine. Hii nimeshailipia."

Mama hakuinua hata macho kutoka kwenye kikaango. "Umelipia wapi baba? Mimi hela sijaiona."

Simu yangu, niliyoifunga kwenye mkono wa juu, ilikuwa imeandika 655. Tulikimbia bega kwa bega mwanzo hadi mwisho. Jirani ana kilo 82, mimi 68, kwa hiyo lazima atumie nguvu nyingi kunizidi, ila tofauti ya kalori 279 uzito peke yake hauielezi. Wakimbiaji wana kanuni ya zamani inayoingia kwenye kiganja: kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita (kalori hii ni ile ya kwenye paketi za vyakula, ambayo kitaalamu ni kilokalori). Kwa kanuni hiyo jirani alistahili 820 hivi, mimi 680. Saa yake ilimpendelea kwa zaidi ya 110, na simu yangu ilinipunja kidogo.

Swali lililobaki kwenye benchi ndilo ninalotaka kulipima hapa. Je, namba hizi zina kazi yoyote, au ni mapambo ya mkononi?

Tuanze na upande wa wasioziamini, maana wana hoja nzito. Saa haipimi kalori. Inamulika mwanga kwenye ngozi na kusoma damu inavyopita, hapo inapata mapigo ya moyo. Inahisi mkono unavyochezacheza. Halafu inachukua umri, uzito na jinsia ulivyoiambia siku unaifungua kwenye boksi, inavitia kwenye fomula ya kiwandani. Kinachotoka ni makisio. Upimaji wenyewe ni ule wa maabara, mtu anavalishwa barakoa na hewa yake yote inakusanywa, kwa sababu kila lita ya oksijeni mwili unayoitumia ni takribani kalori 5. Nani atakimbia na barakoa hiyo Oysterbay?

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walivalisha watu 60 vifaa saba vya mkononi na kuvilinganisha na mitambo ya maabara. Kwenye mapigo ya moyo, sita kati ya saba vilikosea chini ya asilimia 5. Hapo hongera zao. Kwenye kalori, kilichokaribia zaidi kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichoshika mkia asilimia 93. Tangu hapo saa mpya zimetoka nyingi, lakini tatizo la msingi liko palepale: moyo hupanda kwa mambo mengi ambayo hayachomi chochote cha maana. Joto la Februari la Dar es Salaam, usingizi wa saa nne, kahawa chungu, mbwa aliyetoka getini ghafla. Moyo unakwenda mbio, saa inaandika kalori.

Sasa upande wa pili. Wanaoitetea saa husema: sawa, imekosea, lakini inakosea vilevile kila siku. Ikiwa juzi ilisema 500 na leo 650 kwa mtu yuleyule na mkono uleule, yaelekea kweli leo umefanya zaidi. Hoja hii ina uzito, na wapinzani wengi hawaijibu. Zaidi ya hapo, hata njia za kitaalamu za karatasi zina nyufa zake. Majedwali ya mazoezi hutumia kipimo kinachoitwa MET, ambapo MET 1 ni nguvu ya mtu aliyekaa kimya, na kukimbia kilomita karibu 10 kwa saa ni kama 9.8. Msingi wake ni mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo kwa dakika. Watafiti walipowapima watu wazima zaidi ya 700 wakiwa wamepumzika, katika utafiti uliotoka 2005, wastani ulikuwa takribani 2.6, yaani robo pungufu. Kwa hiyo anayeitupa saa na kukimbilia jedwali hajaenda mbali.

Mimi nilikuwa upande wa watetezi mpaka nilipopanda Kilimanjaro. Kwenye mazoezi ya saa moja makosa haya hayadhuru sana. Kwenye shughuli ya siku nzima yanazaa watoto.

Siku ya kwanza ya njia ya Marangu, kutoka getini hadi kibanda cha Mandara, unapanda takribani mita 850 kwa kilomita kama 8. Mwili wangu na begi la mgongoni vilikuwa jumla kilo 75. Kuinua kilo 75 kwa mita 850 ni kazi ya kalori 150 tu. Lakini misuli hugeuza kama robo tu ya nguvu inayoitumia kuwa kazi, iliyobaki ni joto linalokutoa jasho, kwa hiyo kupanda kulinigharimu kama 600. Kutembea kwenyewe, kwa nusu kalori kwa kilo kwa kilomita, ni 300 nyingine. Jumla 900. Tulitumia karibu saa nne na nusu, "pole pole" ya waongozaji ikiwa ndiyo sheria ya mlima, na kwa muda huo ningetumia kama 300 hata kama ningelala kitandani Dar. Ukijumlisha kila kitu unapata 1,200.

Simu, inayohesabu hatua tu, iliniandikia 480: haikujua mlima wala begi. Saa niliyoazima iliniandikia 1,750, kwa kuwa juu mlimani hewa inavyopungua moyo hupiga haraka zaidi kwa kazi ileile, nayo ikadhani nakimbia. Njia ileile, miguu ileile, na kati ya 480 na 1,750 pana milo miwili kamili.

Hizo 300 za kitandani zichunguzwe kidogo, maana hapo ndipo wengi wanapigwa. Vifaa vingine huonyesha kalori zote, pamoja na zile ambazo ungetumia hata ukikaa sebuleni ukitazama mpira. Kwenye kukimbia saa moja ni sitini na kitu, hazina shida. Kwenye matembezi ya saa nane ni zaidi ya 500, na mtu anazihesabu mara mbili bila kujua: mara moja kwenye mahitaji yake ya siku, mara ya pili kwenye zoezi.

Kuna na wale ambao fomula haiwagusi kabisa. Tulipita wagumu, kama wapagazi wanavyoitwa mlimani, na mizigo inayoruhusiwa hadi kilo 20, wengine wameitwika kichwani huku wanapiga soga. Nikakumbuka utafiti uliochapishwa 1986 kwenye jarida la Nature kuhusu wanawake wa Kenya, Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Walipopimwa oksijeni, mzigo hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama yoyote. Walitembea nao kana kwamba hawana kitu. Hakuna saa duniani ambayo ingekisia hivyo. Ila uzuri wa jambo hili uko kwenye ubishi wake: utafiti wa 2010 kwa wanawake wa Kixhosa, Afrika Kusini, haukuukuta unafuu huo kama kundi, watu walitofautiana sana, mmoja mzigo unamtesa, mwenzake kama anapeperushwa. Mwili wa mtu una siri zake, na fomula inajua wastani tu.

Kisu kikali zaidi kwa wahesabu kalori kilitoka hapa hapa Tanzania. Mtafiti Mmarekani Herman Pontzer na wenzake walikwenda kwa Wahadzabe wa pembeni mwa Ziwa Eyasi, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi, ambao wanaume wao walitembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku. Waliwapa maji yenye haidrojeni na oksijeni nzito, wakafuatilia kwenye mkojo kwa siku kadhaa jinsi chembe hizo nzito zinavyopungua, na kutokana na hapo wakakokotoa kalori. Ndiyo njia ya uhakika kuliko zote kwa mtu anayeishi maisha yake ya kawaida. Matokeo ya 2012 yaliwashangaza wenyewe: ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe hatumii kalori nyingi kwa siku kuliko karani wa Marekani. Inaelekea mwili ukiuzidishia kazi huku, hubana matumizi kule.

Waliochoka na mazoezi waliipokea habari hii kwa furaha kupita kiasi. Waliopimwa walikuwa watu wazima 30, na kubana huko si kwa asilimia mia. Uchambuzi wa 2021 uliohusisha watu wazima 1,754 ulikuta kwamba, kwa wastani, kama asilimia 28 ya kalori za mazoezi hufidiwa na mwili. Kwa lugha ya chapati: hata zile 820 za haki za jirani zinaweza kubaki kama 590 kwenye hesabu ya siku, na chapati moja iliyokaangwa vizuri inaweza kufika 300. Chapati mbili na chai yenye sukari, hesabu imefungwa.

Kwa hiyo nasimama wapi? Kwa anayetaka kupunguza kitambi, namba ya saa isigeuzwe kuwa hela ya kununulia chakula. Afadhali aamini mizani ya wiki tatu kuliko mkono wa leo. Nasema hivyo nikijua jirani atanisoma.

Kwa mwenye safari ndefu nageuka kabisa. Mtu wa mbio za kilomita 42 au wa kupanda usiku wa kilele akidharau kalori kwa kuwa "zote ni uongo" atajikuta amekaa juu ya jiwe. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini ni kalori kama 2,000, na kwa kazi ngumu huisha ndani ya saa mbili tatu. Hapo makisio mabovu ni bora kuliko kutokukisia, ila nisingeyachukua kwenye saa. Ningechukua kilo, kilomita na mita za kupanda, nikapiga kwenye karatasi, kisha nikala kwa dakika na si kwa hamu, gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa: ndizi mbili, au tende chache. Juu mlimani hamu ya kula huondoka kabla ya njaa ya mwili kuisha. Kijana mmoja wa kundi letu alikataa supu jioni kwa sababu simu yake ilimwambia ametumia kidogo. Asubuhi mwongozaji alimkalisha kwenye kiti kama mtoto na kumsimamia hadi bakuli la uji likawa tupu.

Jirani nilimweleza haya yote Jumamosi hii, wakati tunasubiri chai. Alisikiliza kwa adabu, akakunja mkono wa shati kuifunika saa, akaagiza chapati moja. Mama ntilie akamletea mbili. "Hiyo nyingine ni yangu, baba. Leo nalipa mimi."