Kumkosoa jaji si kuidharau mahakama

Makosa mawili tofauti yamepewa jina moja, kuidharau mahakama, na hapo ndipo mjadala huu huharibikia. Jacob Zuma alihukumiwa kifungo cha miezi 15 mwaka 2021 kwa sababu alikaidi amri ya Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini. Amri ilikuwepo, ukaidi ukaonekana. Hapo sina ubishi. Ubishi uko kwenye kosa la pili, la kuichafulia mahakama jina kwa maneno. Hapa hakuna amri iliyovunjwa. Kuna mtu aliyesema neno, na kuna jaji aliyechukizwa.

Wanaotaka kosa hili libaki wana hoja nzito. Jaji hajibizani magazetini. Maadili ya kazi yanamtaka aseme kupitia hukumu zake. Akizushiwa kwamba amekula mlungula, uzushi unaenea bila jibu, na atakayeshindwa kesi kesho anapata kisingizio cha kukataa hukumu.

Lakini kosa hili lina asili yake. Mwaka 1899, katika rufaa ya McLeod dhidi ya St Aubyn iliyotoka St Vincent, koloni la Uingereza katika Karibi, Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, lilisema adhabu ya namna hii imeshapitwa na wakati Uingereza, ila huenda bado inahitajika katika makoloni madogo ambayo wakazi wake wengi si weupe. Yaani Mwingereza aliaminiwa kusoma lawama dhidi ya jaji na bado akaiheshimu mahakama; mtu wa koloni hakuaminiwa. Uingereza ilimtia mtu hatiani kwa kosa hili mara ya mwisho mwaka 1931, na mwaka 2013 ikalifuta kabisa England na Wales. Nchi zilizotawaliwa ndizo zimeendelea kulikumbatia. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya India ilimtia hatiani wakili Prashant Bhushan kwa tuiti mbili. Faini ilikuwa rupia 1. Asingeilipa, angekaa jela miezi 3 na kuzuiwa uwakili kwa miaka 3.

Kibaya zaidi ni utaratibu wenyewe: mlalamikaji na mwamuzi huweza kuwa mtu yule yule. Afrika Kusini, Mamabolo, msemaji wa idara ya magereza, alisema jaji alikosea kumpa dhamana Eugene Terre'Blanche, kiongozi wa Wazungu wenye siasa kali. Jaji huyo huyo akamwita ajieleze, akamtia hatiani. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ilitengua uamuzi huo na kutaka mashtaka kama hayo yapitie kwa waendesha mashtaka, kama kesi nyingine. Kosa halikufutwa, ila lilibanwa sana.

Mkosoaji naye ana wajibu. Asome hukumu nzima, si kichwa cha habari, na ataje aya anayoipinga. Kesi ikiendelea, asiwapime mashahidi hadharani. "Jaji amekosea sheria" ni hoja ya kujadiliwa. "Jaji amenunuliwa" ni tuhuma ya jinai inayodai ushahidi. Kenya, mwenye ushahidi ana njia: Ibara ya 168 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi la maandishi, lenye maelezo ya tukio, kwa Tume ya Huduma za Mahakama. Na jaji aliyezushiwa ana njia yake pia: afungue kesi ya kashfa, asimame kama mlalamikaji, na aamuliwe na jaji mwingine.