Mifupa ya Mtwapa na ubishi wa barazani

Jioni moja barazani Mji wa Kale, dele la kahawa liko juu ya makaa, kijana mmoja alitusomea kwenye simu habari za utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2023 katika jarida la Nature. Watafiti, akiwemo mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba, walipima mabaki ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani yetu, Mtwapa ikiwemo.

"Si niliwaambia sisi Washirazi, wana wa Uajemi?" mzee mmoja akajipiga gotini.

"Soma mpaka mwisho, ami," akajibiwa.

Na kweli, kila mmoja alikuwa na chake cha kushika. Kuanzia mnamo mwaka 1000 damu ya Uajemi iliingia pwani, na iliingia zaidi kwa upande wa wanaume. Upande wa mama, ule unaosomwa kwenye mitokondria, sehemu ya seli ambayo mtoto huirithi kwa mamake, karibu wote ni wa hapa hapa Afrika, na kwa wengi wa watu hao zaidi ya nusu ya vinasaba vyao ni vya Kiafrika. Basi kahawa ikapoa watu wakigawana asilimia kama warithi wanaogombea shamba.

Mimi naona tuliiuliza mifupa jambo lisilo lake. Mifupa hutaja waliozaa, haitaji waliolea. Baba walikuja na jahazi na majina yao, lakini watoto wao walizungumza nini? Kiswahili, lugha ya Kibantu, lugha ya mama zao. Hebu litazame neno kitabu. Asili yake ni Kiarabu, ila huku likapewa wingi wa vitabu, sawa na kiti na viti. Hakuna anayeliona geni. Lilifika, likalelewa, likawa la nyumbani.

Sisemi vinasaba ni upuuzi. Mwenye mtoto wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, anajua herufi moja tu iliyobadilika ndani ya jeni inavyoweza kumkosesha mzazi usingizi. Lakini tunaposema fulani hana utu, hatujawahi kumaanisha damu yake.

Bibi yangu mzaa mama alimnyonyesha mtoto wa jirani aliyefiwa na mamake siku ya kuzaliwa, huku naye ana mjomba wangu kifuani. Kwa sheria ya dini yetu, ziwa hilo lilimfanya yule mtoto kuwa mwanawe: hawezi kumuoa mama yangu wala mama mdogo, ni ndugu zake. Mpeleke maabara leo, watakuambia hawahusiani. Akija Idi huingia jikoni bila kubisha hodi, akafunua sufuria.

Bibi alipofariki, waliozika waliwataka wanawe washuke kaburini. Wakashuka wawili, mjomba na yeye, wakampokea na kumlaza mwanandani.