Baiskeli za umeme New York: betri inachajiwa wapi?

Usiku wa kuamkia Juni 20, 2023, moto ulizuka katika duka la baiskeli za umeme huko Chinatown, New York, ukaua watu wanne waliokuwa ghorofa za juu.

Wanaotaka baiskeli hizi zipigwe marufuku majumbani wana hoja. Seli moja ya betri ya lithiamu ikiharibika, joto lake huichoma ya jirani, na moto hutanda kabla aliyelala hajaufikia mlango. Mara nyingi baiskeli yenyewe imeegeshwa hapo hapo mlangoni. Mamlaka ya nyumba za umma ya jiji, NYCHA, ilipendekeza marufuku hiyo mwaka 2022, kisha ikarudi nyuma.

Lakini lawama zote humwangukia mpeleka chakula anayeendesha baiskeli hizi kikazi, na hapo sikubaliani. Wengi wao ni wahamiaji. Zamu ni ndefu, betri moja haitoshi, na yenye cheti cha usalama ni ghali kuliko ile iliyoungwaungwa kwa seli kuukuu. Hiyo ya bei nafuu aliinunua dukani, mchana kweupe: sheria ya kuzuia uuzaji wa betri zisizo na cheti haikuanza kutumika hadi Septemba 2023. Kampuni inayomtuma huhesabu dakika zake, ila gharama ya betri ni juu yake.

Tazama hesabu za zimamoto wa jiji. Mwaka 2023, mioto ya betri hizi ilikuwa 268 na vifo 18. Mwaka 2024, mioto 277, vifo 6. Nimezirudia namba hizi mara nyingi. Betri hazikuacha kuwaka. Ziliwaka zaidi kidogo, na vifo vikashuka hadi theluthi. Sehemu ya jibu ni mahali: mwaka 2024 mioto iliyotokea nje ya majengo iliongezeka. Betri ile ile inayoua familia chumbani, ikilipukia barabarani huteketeza baiskeli tu.

Ndiyo maana marufuku ya majumbani, bila pengine pa kuchajia, inanitia hofu. Mtu anayeitegemea betri kwa kula yake hataitupa. Ataificha chini ya kitanda, ichaji usiku, jirani asijue.

Februari 2024 jiji lilianza kufungua vituo vya majaribio vya kuchajia hadharani. Vilikuwa vitano, kwa wapeleka chakula 100. Jiji lina zaidi ya 60,000.