Mwanga wa kweli au wa kuiga?

Niliiacha kompyuta ikirenda usiku kucha, yaani ikipiga hesabu za kuchora picha ya chumba nilichokiunda ndani yake. Chumba kidogo tu: meza, glasi ya maji, jua likiingia dirishani. Alfajiri nikakuta picha bado ina chenga kama televisheni iliyokosa mawimbi, nayo ilikuwa fremu moja. Sekunde moja ya filamu inataka 24. Hesabu hiyo ndiyo inayotugawa sisi wa katuni za kompyuta: tuufuate mwanga kama unavyosafiri kweli, au tuuige kazi iishe?

Waliotangulia waliiga. Mwaka 1987 Robert Cook, Loren Carpenter na Edwin Catmull wa studio ya katuni ya Pixar walichapisha maelezo ya Reyes, mbinu iliyokuja kuwa moyo wa RenderMan, programu yao ya kurenda. Kila umbo hukatwakatwa vipande vidogo kuliko pikseli, ile nukta moja ya picha, vikapakwa rangi, ndipo huangaliwa kipi kiko mbele ya kipi. Umbo likishachorwa hutupwa, memori ikabaki kwa lingine. Kwa kompyuta za enzi zile, bila ujanja huo filamu ya Toy Story ya 1995 isingewezekana.

Mzigo ukamwangukia mtu wa taa. Jua likipiga zulia jekundu, ukuta ulio karibu hupata wekundu kidogo. Reyes haikulijua hilo. Fundi alipachika taa ya ziada, nyekundu hafifu, kwa mkono wake. Zulia likisogezwa, na taa isogezwe.

Njia ya pili ina umri uleule, kwani James Kajiya aliiandikia hesabu yake mwaka 1986. Kila pikseli hurusha miali, ikadundadunda kwa kubahatisha hadi ikutane na taa, na wastani wake ndio rangi. Wekundu wa zulia unakuja wenyewe. Ila miali ikiwa michache unapata chenga, na ukitaka kuzipunguza kwa nusu, miali lazima iwe mara nne. Ndiyo maana ilisubiri mashine zikue. Pixar walipofika kwenye filamu ya Finding Dory, 2016, walikuwa wamehamia huko. Wanaoitetea wanasema saa ya fundi ni ghali kuliko saa ya mashine, na kwa studio yenye maelfu ya mashine siwapingi.

Lakini mwenye mashine moja? Blender, programu ya kutengenezea katuni za kompyuta, ni ya bure tangu 2002, watu walipochanga euro 100,000 kuikomboa baada ya kampuni yake kufungwa. Ndani yake mna njia mbili za kurenda: Cycles, inayofuata miali, na EEVEE, inayoiga kwa kasi kama michezo ya kompyuta. Mwongozaji Gints Zilbalodis wa Latvia alichagua EEVEE kwa filamu yake ya katuni, Flow, akairenda kwenye kompyuta yake mwenyewe, na mwaka 2025 filamu ikachukua Oscar. Maji yake si sahihi kifizikia, na sikumsikia mtazamaji hata mmoja akilalamika. Kwa sisi wa mashine moja, naona kuiga ndiko kunakotufikisha mwisho wa filamu.

Nilikifungua chumba changu kwa EEVEE. Fremu ilitoka kwa sekunde chache, safi. Glasi ndiyo iliyoniuma: kile kiduara cha mwanga kinachotetemeka mezani chini ya maji kilikuwa kimetoweka. Nikaweka taa ndogo pale, nikaisogeza nukta kwa nukta hadi jioni.